Mzee Anapanda Lori Kwenda Kutembea

Oruro, 4 Septemba 1994

Dada Zulma,

Pokea salamu nyingi kama vumbi la mtaa wetu, na unajua halijapungua tangu uondoke. Mama mzima, mimi mzima, mbwa naye mzima na amezaa. Mimi ndio usiseme. Nimeota ndevu upande mmoja, na wasichana wa sokoni wanasema upande huo unatosha. Dereva wa basi la mpakani atakayeibeba barua hii ni rafiki yangu. Barabara yote hii marafiki zangu. Ukiona mwandiko unayumba, naandikia juu ya boneti ya lori, usianze kunisahihisha. Shule niliacha kwa sababu mwalimu wa hesabu alishindwa kunielewa, sio mimi niliyeshindwa kumwelewa yeye.

Sasa habari yenyewe. Mzee aliishiwa pumzi. Alikuwa anapanda lori, mguu mmoja kwenye ngazi, akabaki pale pale ameshika mlango, uso umekuwa rangi ya majivu. Mimi utingo wake nikamsukuma kwa bega kama tunavyosukuma gunia. Hakutukana. Hapo ndipo nilipojua mambo ni mabaya.

Tukaenda hospitali. Mizani yao ikagoma, mshale ulizunguka mpaka mwisho ukajilaza. Muuguzi akasema turudi siku nyingine watatafuta kubwa zaidi. Mimi, kwa akili hizi mnazozidharau, nikampeleka kwenye bohari la viazi, tukampima kwenye mizani ya magunia. Mwenye bohari akaniuliza, "Huyu unamuuza jumla au rejareja?" Mzee alicheka mpaka ikabidi aketi juu ya viazi.

Daktari ni mama mmoja kijana aliyeletwa kutoka Santa Cruz kwenye joto, bado anavaa makoti mawili. Alimwambia mzee moyo wake ni injini ya teksi inayovuta lori lenye saruji. Presha iko juu, sukari nayo inapanda. Apunguze kula, atembee kila asubuhi, kitambi kishuke, la sivyo moyo utasimama, na haitachukua miaka mingi. Alisema hivyo hivyo bila kuzungusha. Mzee akamuuliza, "Na kucheza ngoma ya Morenada je, daktari? Sio mazoezi hayo?" Yule mama akafurahi. Kucheza ni mazoezi mazuri sana, akasema, acheze kadiri anavyoweza.

Dada, yule ni mgeni. Haijui Morenada. Nilifungua mdomo nimweleze, mzee akanikanyaga mguu, na mguu wa mzee unaujua uzito wake.

Mama anauliza utakuja lini. Ameniambia niandike mara mbili. Utakuja lini.

Mdogo wako, nguzo ya nyumba,
Grover


Buenos Aires, 9 Oktoba 1994

Mdogo wangu Grover,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, hata huo unaoyumba. Rafiki yako dereva alikaa na barua mpaka ikanuka dizeli. Mimi sijambo. Nasalimia nyumba nzima, na watoto wa mbwa. Huku ni kushona tu. Msimu huu tunashona nguo za michezo, zile suruali za kukimbilia zenye mistari pembeni. Nimeshona nyingi mno, na sijamwona mtu yeyote akikimbia.

Sasa nisikilize na uache mzaha kwa muda wa ukurasa mmoja. Baba atembee. Morenada haitoshi, na wewe unajua bia inayofuata ngoma ikiisha. Daktari hajui, kwa hiyo mwambie. Akikukanyaga, sema huku umekanyagwa. Tembea naye wewe mwenyewe, asubuhi kabla hamjapakia mzigo, kwanza mpaka kwenye reli na kurudi. Akichoka asikae ghafla. Na mama aache kumfungia keki za kukaanga mfukoni eti za nguvu. Mwambie kumpunguzia mtu chakula sio kumnyima. Najua atalia. Alie, lakini apunguze.

Natamani ningekuwa hapo nimshike mkono upande wa pili.

Mwambie mama kazi ni nyingi. Usiniulize tena kama nitakuja kwa sherehe za Februari.

Dada yako,
Zulma


Oruro, 20 Novemba 1994

Dada yangu mkali,

Hujambo huko kwenye suruali? Sisi tunasukuma siku. Mvua zimeanza, paa la jikoni linavuja pale pale, mama ameweka sufuria pale pale. Watoto wa mbwa wote wamepata wenyewe, amebaki mmoja mwenye sura ya mkuu wa polisi.

Nimefanya ulivyosema na kuzidi, maana mimi nikishika kitu nimeshika. Kila asubuhi namtoa mzee. Siku za mwanzo tulikuwa tunafika kona ya wauza mikate anasimama kutazama tairi za magari ya watu. "Hili limekwisha," anasema, huku anatafuta pumzi. Na mimi naliinamia kama fundi, nampa muda. Baadaye tukafika reli. Baadaye tukaivuka. Mama nilimtisha kwa jina lako. Supu sasa inaenguliwa mafuta, sahani ya chunyo imekuwa nusu, viazi hivyo vikavu vinahesabika, soda marufuku. Alilia akipakua, kama ulivyosema. Lakini mkanda wa mzee ulirudi tundu moja, halafu jingine. Akawa anapanda lori mwenyewe. Bega langu likakosa kazi.

Ndipo watu wakaanza kuuliza. Unawajua watu wetu. Mwenye lori hatembei kwa miguu. Anayetembea ni yule aliyeliuza. Wa kwanza alikuwa yule mama anayeuza uji wa api pale relini.

"Don Casiano, lori limekufa?"

"Hapana mama, natembea tu."

"Ah. Pole sana."

Wiki ile ile akaja mtu kutoka Challapata kuuliza bei, kasikia lori linauzwa. Mteja wetu wa saruji akampa mzigo dereva mwingine kwa huruma, eti hakutaka kumsumbua mgonjwa. Wake za madereva wakamvuta mama pembeni sokoni. Je, mzee ana kile kifua cha wachimba madini? Au ni wewe, mwenzetu, umechoka kupika? Mama alirudi nyumbani amekumbatia mguu mzima wa kondoo.

Basi mzee akabuni njia yake. Siku hizi kila asubuhi tunapanda lori, tunatoka nje ya mji mpaka kule kwenye tambarare ya chumvi ambako hakuna hata mbuzi, tunaegesha, na mzee anatembea akilizunguka lori. Anazunguka weee, mkono mmoja karibu na bodi kama anambembeleza ng'ombe. Likitokea gari kwa mbali anafungua boneti anainama, eti anatengeneza. Mzee anapanda lori kwenda kutembea, dada. Nilishika mbavu. Yeye mwenyewe alicheka, halafu akafuta macho akasema, "Huyo dada yako usimwandikie hili."

La kuchekesha limeishia hapo. Jumapili ya kwanza ya mwezi huu vyama vyote vya ngoma vilikwenda kuweka ahadi mbele ya Mama Bikira wa Mgodini. Kwa mzee huu ni mwaka wa tatu, wa kumaliza nadhiri yake. Nadhiri ya nini, hatuambii. Don Macario, baba yako wa ubatizo, bado ndiye mkuu wa Morenada ya wenye malori. Alimshika mzee tumbo mbele ya watu.

"Kumbe umetuletea mdogo wako? Yule Casiano tuliyemzoea alikuwa mwanamume na nusu."

"Nusu nimeiacha nyumbani," mzee akamjibu.

"Basi kaichukue. Mstari wa mbele ni wa vitambi, ndugu yangu, lile vazi letu lenye umbo la pipa haliningʼinizwi kwenye msumari. Au tukupange nyuma na watoto?"

Watu wakacheka. Mzee alicheka kuliko wote. Jioni alimwomba mama aongeze chunyo.

Na wewe utakuja lini? Sio mimi, ni mama. Haya, na mimi.

Grover


Buenos Aires, 8 Januari 1995

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya, ingawa utaisoma mwaka ukiwa umeshachakaa. Barua yako ya Novemba nimeipata juzi. Krismasi ilitukuta kwenye mashine. Nafurahi mko salama, na huyo mbwa mwenye sura ya polisi msimtoe.

Baba apangwe nyuma. Nyuma ni mahali pazuri, mtu anapumua. Mwambie nimesema mimi. Wakimuuliza kuhusu lori awajibu ni agizo la daktari, kwani aibu iko wapi? Nauliza tu, aibu ilipo naijua.

Nitakwambia kitu na usimsomee mama. Nakaa kwenye mashine tangu kunakucha mpaka tuambiwe basi. Mlango unafungwa kwa nje, wanasema kwa usalama wetu. Tunatoka Jumapili mchana. Majuzi nilijaribu kuizunguka bustani iliyo karibu, magoti yakakataa, nikakaa kwenye benchi na wazee wa huku wanaocheza karata. Nguo nilizokuja nazo nimempa msichana mpya kutoka Potosí, mimi haziniingii tena. Nakuambia ili ujue kwamba namwamrisha baba jambo ambalo mimi mwenyewe linanishinda.

Ulimwambia daktari? Hukunijibu.

Kuhusu Februari, mwambie mama msimu huu ni mrefu.

Zulma


Oruro, 12 Februari 1995

Dada Zulma,

Salamu, na samahani, kwanza nicheke. Wewe umenenepa? Wewe uliyekuwa unapenya kwenye tundu la ua wa shule? Siamini mpaka nione. Njoo nione.

Nimekwisha kucheka. Ule mstari wa mlango sijamsomea mama. Niliusoma mwenyewe nikaurudia, halafu nikaenda kupiga mpira nikamvunja mtu kidole.

Mama hajambo, anakusalimu, anashona ushanga uliong'oka kwenye vazi la mzee. Vazi lilikatwa mwaka juzi kwa mwili wa mwaka juzi, na mzee ameamua kulijaza. Yuko mstari wa mbele.

Kila Jumamosi wanafanya mazoezi ya ngoma barabarani, tarumbeta mpaka masikio yanawasha. Ukitazama utasema mzee anajitahidi, jasho linamtoka. Lakini hatua ya Morenada unaijua, ni ya mtu mwenye mali: nusu mbele, yumba kushoto, nusu mbele, yumba kulia, wanafika kona watoto wanaocheza kombolela wameshafika na kurudi. Halafu ndipo mwenyeji wa siku hiyo anafungua geti. Kreti za bia zimepangwa kama ukuta, masufuria ya nguruwe na mahindi meupe, na hakuna kuondoka.

Ulitaka kujua kama nilimwambia daktari. Nilimwambia. Mwezi uliopita walipata mizani inayomtosha, na mzee alikuwa amepita pale alipokuwa Septemba. Daktari akashangaa.

"Don Casiano, unacheza kweli?"

"Kila wiki, daktari."

"Basi ongeza."

Nikasema, "Daktari, baada ya ngoma wanakunywa."

"Basi asinywe," akasema, kama mtu anayesema basi asinyeshewe. "Akatae kwa heshima."

Tukatazamana mimi na mzee. Akatae kwa heshima. Kikombe kinatoka mkononi mwa Don Macario, tone la kuipa ardhi limeshamwagwa, watu wote wamesimama wanangoja umalize ili kizunguke. Ukikataa umeikataa baraka yake, na Macario ndiye anayegawa mizigo ya saruji mwaka mzima. Nilijaribu kumweleza daktari. Alisikiliza vizuri, maskini, kisha akaandika kwenye kadi: atembee zaidi.

Basi nikaamua kuwa tumbo la pili la mzee. Nilisimama nyuma yake, kikombe kikimfikia anakipitisha chini ya kwapa, mimi nakimaliza. Unajua mimi kwa kunywa hakuna wa kunifikia mtaa huu. Jumamosi ya kwanza nilitapika kwenye tarumbeta ya mtu. Jumamosi ya pili Macario alituona. "Casiano, siku hizi unanywa kwa mdomo wa mtoto?" Mzee akachukua kikombe kile, na kilichofuata, na kilichofuata.

Kutembea kumekwisha. Miguu imevimba, viatu haviingii. Lakini asubuhi bado anaingia kwenye lori na tunakwenda tambarare kama kawaida. Tunaegesha. Yeye anabaki ndani, kioo amekiteremsha, na mimi nalizunguka lori peke yangu ili awe na kitu cha kutazama. Nikipita dirishani ananiambia, "Inua magoti wewe."

Mwandikie wewe. Mwambie asicheze mwaka huu. Neno langu kwake ni neno la utingo. Akilewa anataja jina lako, halafu anataja Mama Bikira, halafu jina lako tena. Mimi sio msomi lakini hiyo nadhiri nimeshaijua ni ya nini.

Grover


Buenos Aires, 19 Februari 1995

Grover,

Salamu kwa wote. Anayekuja na barua hii anasafiri leo. Asipokwama mpakani itawahi.

Msomee baba. Asicheze. Kama nadhiri ni ili mimi nirudi, mimi naifungua. Mama Bikira hajamkatalia kitu, anayeshindwa ni mimi. Hati zangu ziko kabatini kwa mwenye karakana na ufunguo anaondoka nao. Hilo usimsomee. Msomee kwamba

Nimeianza sentensi hiyo mara nyingi na taa inazimwa. Msomee utakavyoona wewe. Wewe ndiye uliye hapo.

Zulma


Oruro, 12 Machi 1995

Dada,

Natumai uko salama na taa imewaka. Mama anakula kidogo, analala kidogo. Mimi nipo.

Barua yako ilifika Jumatano ya Majivu. Ngoma ilikuwa Jumamosi kabla yake.

Nitakusimulia haraka. Alicheza. Vazi lilimjaa sawasawa, hakuna aliyependeza kuliko yeye, hilo nitabishana na yeyote. Watu barabarani walikuwa wanasema, tazama mwili ule, huyo ndiye mwenye lori. Mimi nilitembea pembeni nimebeba maji, na kila mahali tuliposimama nilikuta mtu ameshamfikia na bia. Nilimwambia, "Mzee, tutoke, njia ya pembeni hii hapa." Akasema ndani ya kinyago, "Nyamaza, bado kidogo."

Alifika. Kwenye mlango wa kanisa wote huvua vinyago na kuingia kwa magoti, na yeye aliingia kwa magoti na lile pipa lote la shanga. Alifika mbele ya Mama Bikira, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Hakuinuka. Nilianza kwenda, Don Macario akanishika bega. "Mwache amalize maombi yake, mwanangu. Mwaka wa tatu huu." Tukamwacha. Tarumbeta zilikuwa zinapigwa, watu wanalia kwa furaha zao, na sisi tumesimama tunampa nafasi.

Hajafa. Upande wa kulia umekufa, mkono na mguu, na mdomo umeshuka. Maneno hayatoki. Anasikia yote.

Daktari alikuja nyumbani, na yale makoti yake mawili. Hakumgombeza mtu. Amesema sasa dawa kubwa ni mazoezi. Mguu ukunjwe na kunyooshwa, mkono uinuliwe, asubuhi na jioni, viungo visigande, na yeye mwenyewe ajaribu kusukuma, maana asiposukuma mwenyewe mimi najichosha tu. Kwa hiyo sasa mazoezi ya mzee nafanya mimi. Namshika kisigino, nakunja, nanyoosha. Mguu ni mzito kuliko gunia lolote nililowahi kupakia, na unajua nimepakia. Watu wanakuja kumwona na masahani yao. Wanasimama mlangoni wanasema, "Afadhali hajapungua, atapona." Mama anapokea masahani. Don Macario alileta nguruwe mzima, akakaa kitandani akalia kama mtoto, kisha akamlisha kwa mkono wake mwenyewe. Ningemzuiaje?

Wiki nzima hakusukuma. Namwambia sukuma mzee, ananitazama tu kama mtu anayesubiri mvua iishe.

Basi nikamsomea barua yako. Salamu nilisoma sawa. Nilipofika kwenye nadhiri, huu mdomo wangu ambao haujawahi kukosa neno uliiruka mistari yako. Nilikuwa nimemshika kisigino. Nikasema, "Zulma anasema anakuja."

Mguu ukasukuma kiganja changu. Kidogo, kama samaki anavyogusa chambo. Nilidhani ni mimi. Nikasema tena, ukasukuma tena.

Daktari alipokuja akaupima akafurahi. Akaniuliza nafanya nini, nikamwambia naongea naye. Akasema hicho hicho, nisiache.

Sijaacha. Kila asubuhi nakunja mguu wake na kukusafirisha. Siku ya kwanza ulikuwa unafunga mizigo. Ukaaga wenzako. Ukakata tiketi. Ulikwama siku mbili njiani kwa sababu ya mafuriko, na siku hizo alisukuma vizuri kuliko zote. Leo asubuhi nimekufikisha mpakani, nikagundua ninaishiwa barabara.

Ndiyo maana nakuandikia. Huwezi kuja, nimeelewa, wala sikuulizi tena. Ila hilo usiliandike. Siku hizi mama anazichukua barua mlangoni kabla yangu na anaanza kusoma kwa sauti kabla hajavua kofia. Andika habari za mvua. Andika kuhusu wale wazee wa karata. Mimi huku kesho asubuhi nitalipasua tairi basi lako, na keshokutwa nitaona.

Mdogo wako,
Grover